Patrice Lumumba: tribinali ilimfunga mara mbili, wanainchi wakamchagua

Tarehe 21 mwezi wa kwanza 1960, tribinali ya Stanleyville, Kisangani ya leo, ilimhukumu Patrice Emery Lumumba kifungo cha miezi sita. Siku nne baadaye akafunguliwa. Kesho yake alifika Brussels kwa ndege, mikono ikiwa na bandeji juu ya alama za pingu, akakae meza moja na mawaziri wa Ubelgiji. Korti haikuwa imemsafisha. Hukumu hiyo ilikuwa ya pili maishani mwake, kwa kuwa miaka mitatu mbele ya hapo alihukumiwa kwa kula fedha za posta. Na bado, kabla mwaka wa 1960 haujafika katikati, mtu huyo alikuwa waziri wa kwanza wa Kongo huru.

Sehemu hii ya maisha ya Lumumba husimuliwa haraka haraka. Wanaompenda huipita kwa sababu kesi ya posta inawatia haya. Waliomchukia waliirudia kila mara, lakini kama tusi tu. Swali lililo ndani yake, hata hivyo, bado liko mezani kila CENI inapopokea majina ya wanaotaka kugombea: mtu aliyehukumiwa na korti abaki na haki zake za mwanainchi, ao azipoteze?

Lumumba alizaliwa tarehe 2 mwezi wa saba 1925 katika kijiji cha Onalua, territoire ya Katako-Kombe, Sankuru. Alisoma kwa wamisionari, Waprotestanti na Wakatoliki, lakini masomo hayakufika mbali. Akiwa kijana alihamia Maniema, akafanya kazi katika kampuni ya madini Symétain, kisha akaendelea hadi Stanleyville. Elimu nyingine alijitafutia mwenyewe kwa vitabu vya kuazima. Mwaka wa 1947 alitumwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, kusomea kazi ya posta. Alifaulu vizuri, akarudi upande wa mashariki, na baada ya muda akawa karani katika ofisi ya sheki za posta ya Stanleyville.

Kongo ya wakati ule haikuwa na raia kwa maana tunayoijua leo. Mkongomani hakupiga kura, hakuchagua burgumestri wala mbunge. Haki zilitolewa kidogo kidogo, kwa karatasi. Kulikuwa na kadi ya sifa njema iliyoanzishwa mwaka wa 1948. Juu yake kukawa na nyingine kubwa zaidi, immatriculation, iliyowekwa na dekreti ya 1952, ambayo ilimweka Mweusi karibu na Mzungu mbele ya sheria. Kuipata ilikuwa kama mtihani wa serkali ndani ya nyumba ya mtu. Tume ilikuja kuangalia viti, sahani, uma na visu, namna bibi anavyokaa mezani na watoto wanavyozungumza Kifaransa. Katika inchi yenye watu zaidi ya milioni kumi, waliopewa kadi hiyo hadi mwisho wa ukoloni walikuwa mia mbili na kidogo.

Lumumba aliiomba, akakataliwa. Aliomba tena, akapewa mwaka wa 1954. Wakati huo alikuwa tayari mtu mkubwa wa vyama mjini Stanleyville: chama cha wafanyakazi Weusi wa serkali, cha watu wa posta, cha wale walioitwa évolués. Aliandika katika magazeti. Mwaka wa 1955, mfalme Baudouin alipotembelea mji huo, Lumumba alizungumza naye, na habari zikazunguka mji mzima kwamba karani wa posta amesemezana na mfalme. Mwaka uliofuata alikuwa kati ya Wakongomani waliopelekwa Ubelgiji kwa safari ya kujifunza.

Aliporudi, mwezi wa saba 1956, polisi walimkamata.

Hesabu za sheki za posta zilikuwa na pengo la faranga zipatazo 126,000, na njia ya pengo hilo ilifika kwenye meza yake. Lumumba hakukana kwamba alichukua pesa. Alijitetea kwa mshahara: karani Mweusi alifanya kazi ileile ya karani Mzungu kwa malipo madogo sana, huku serkali ikimdai aishi kama Mzungu, avae, asomeshe watoto na kukaribisha wageni jinsi kadi yake ilivyotaka. Ubaguzi wa mishahara ulikuwa wa kweli, hakuna aliyeubishia. Lakini pesa zilikuwa za watu walioziamini posta, na kosa lilikuwa kosa. Baadaye zilirudishwa, wenzake wakichangia. Mwaka wa 1957 tribinali ilimpa miaka miwili. Muda ukapunguzwa, na alitoka mwaka huohuo wa 1957 akiwa amekaa ndani zaidi ya mwaka mmoja.

Gerezani aliandika kitabu kizima juu ya hali ya Kongo, ambacho kilichapwa Brussels mwaka wa 1961, yeye akiwa amekwisha kufa. Anayekifungua akitafuta Lumumba wa hotuba kali atashangaa. Mwandishi wake bado anaamini umoja wa Kongo na Ubelgiji, na anataka haki za siasa zianzie kwa waliosoma kabla ya kuwafikia watu wote. Mfungwa mwenyewe, aliyekwisha kupoteza kazi na jina, bado aliziona haki kama cheti ambacho mtu anakistahili kwa mwenendo wake. Alichokuja kusema miaka miwili baadaye ni kinyume kabisa, na si vibaya kufikiri kwamba gereza lilikuwa na mkono katika mgeuko huo, hata kama kitabu hakionyeshi.

Alipotoka, hakuna ofisi ya serkali iliyokuwa tayari kumrudisha. Alikwenda Léopoldville, akapata kazi ya kuuza bia ya Polar katika vita vikali vya biashara dhidi ya Primus. Kazi hiyo ilimfundisha kitu ambacho posta haikumfundisha: kuingia kila mtaa, kusimama mbele ya watu wa kila kabila, kuzungumza Lingala, Kiswahili na Kifaransa, na kuondoka akiwa amejulikana. Mwisho wa 1957 miji mitatu, Léopoldville, Elisabethville (Lubumbashi) na Jadotville (Likasi), ilipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua viongozi wa komini. Mlango wa siasa ulikuwa umefunguka kidogo.

Mwezi wa kumi 1958 ulianzishwa Mouvement National Congolais, MNC, na Lumumba akawa kiongozi wake. Mwezi wa kumi na mbili alikwenda Accra kwenye mkutano wa mataifa ya Afrika, akarudi akidai uhuru bila kungoja. Siku chache baadaye, tarehe 4 mwezi wa kwanza 1959, Léopoldville ililipuka, na Ubelgiji ikalazimika kutaja neno uhuru kwa mara ya kwanza.

Adui zake hawakusahau posta. Chama kilipogawanyika katikati ya mwaka wa 1959, na katika kila kampeni iliyofuata, alikumbushwa kwamba ni mwizi aliyefungwa. Watu wa Stanleyville hawakuhitaji kukumbushwa. Posta ilikuwa yao, walimjua karani huyo kwa sura, na kesi yake ilisikilizwa mjini mwao.

Hukumu ya pili ilizaliwa katika mji uleule. Mwisho wa mwezi wa kumi 1959 MNC ilifanya kongamano Stanleyville. Lumumba alizungumza kwa ukali, akiwaita watu wakatae mipango ya Wabelgiji. Tarehe 30 fujo zikazuka, askari wakafyatua risasi, na watu zaidi ya ishirini wakafa. Tarehe 1 mwezi wa kumi na moja alikamatwa kwa kosa la kuchochea fujo. Alipokuwa bado gerezani, mwezi wa kumi na mbili, chama chake kilishinda uchaguzi wa mji wa Stanleyville kwa karibu kura zote.

Kesi ilisomwa mwezi wa kwanza 1960. Tarehe 20 Meza ya Duara ilifunguliwa Brussels kuamua kesho ya Kongo. Tarehe 21 tribinali ikampa miezi sita, akapelekwa mbali, gereza la Jadotville, Katanga. Serkali ya kikoloni haikuwa imekosea hesabu ya tarehe. Lakini wajumbe wa Kongo waliokuwa Brussels, hata wale waliogombana naye miezi michache kabla, walisimama pamoja: bila Lumumba hawataendelea. Ubelgiji ikamtoa. Alifika Brussels, na tarehe 27 siku ya uhuru ikapangwa kuwa 30 mwezi wa sita.

Hukumu hizi mbili hazifanani, na kosa kubwa la wanaobishana juu ya Lumumba ni kuziweka katika mfuko mmoja. Ya kwanza ilitoka kwa kosa ambalo inchi yoyote ingelihukumu, liwe la karani Mweusi ao Mzungu. Ya pili ilitoka kwa serkali iliyotaka mpinzani wake asifike mkutanoni. Ila mbele ya daftari la korti zote mbili ni mstari mmoja: jina, kosa, kifungo. Sheria inayosema kwamba aliyehukumiwa asigombee haiwezi kusoma tofauti hiyo. Inaona mstari tu.

Mwezi wa tano 1960 Wakongomani walichagua wabunge wao wa kwanza, na hukumu hazikumzuia Lumumba kugombea. MNC yake ilipata viti 33 kati ya 137, zaidi ya chama chochote kingine. Huku Kivu, CEREA, iliyozaliwa Bukavu mwaka wa 1958, ilisimama upande wake, na Anicet Kashamura akaingia serkalini kama waziri wa habari. Jambo moja halisemwi sana juu ya uchaguzi huo: ni wanaume peke yao waliopiga kura. Mfungwa wa zamani alikuwa na haki ambayo mama yake na bibi yake hawakuwa nayo, na wao hawakuwa wamemkosea mtu yeyote. Wanawake wa Kongo waliipata mwaka wa 1967.

Ingekuwa chini ya sheria ya leo, mambo yangekuwa tofauti. Katiba ya 2006, katika kipengele cha 5, inampa kura kila Mkongomani wa miaka 18, mwanaume na mwanamke, ila anayefurahia haki zake za kiraia na za siasa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo mlango ambao haki inaweza kutokea. Sheria ya uchaguzi ya mwezi wa tatu 2006, katika kipengele cha 10, inawataja wasioweza kugombea baada ya hukumu isiyokatiwa tena rufaa: waliohukumiwa kwa uhalifu wa vita, kwa kubaka, kwa kuchimba mali ya inchi kinyume cha sheria, kwa rushwa, kwa mauaji, kwa mateso, na kwa kula fedha za serkali. Hilo la mwisho ni kosa la aina ileile iliyomfunga Lumumba mwaka wa 1957. Avoka anayejua kazi yake angeliweka faili hilo mbele ya CENI, na jina la Lumumba lingekuwa katika hatari ya kuondolewa kabla kura moja haijapigwa.

Waliotunga kipengele hicho walikuwa na sababu. Inchi ilikuwa imetoka kwenye vita mbili, na hapa mashariki hakuna asiyejua mtu aliyeua, aliyebaka ao aliyepora kisha akapata cheo. Barabara ambazo pesa zake zilitoka Kinshasa na hazikufika ziko kila territoire. Kusema kwamba aliyekula fedha za hospitali asipewe tena ufunguo wa sanduku si uonevu. Mwenye kosa la kuiba ng'ombe hapewi kazi ya kuchunga.

Lakini kugombea si kupewa kazi. Ni kuomba kazi kwa watu, na watu wanaweza kukataa. Sheria inapomfungia mtu mlango, inawanyima pia wapigaji kura nafasi ya kumkataa wenyewe, ao ya kumsamehe. Na inamkabidhi mwenye nguvu juu ya korti uwezo wa kuchagua wapinzani wake. Mwaka wa 2018 ilionekana wazi. Jean-Pierre Bemba alikuwa ameachiliwa na korti ya kimataifa ya La Haye kwa mashtaka ya vita, ila alibaki na hukumu ya kuhonga mashahidi. Kuhonga mashahidi hakumo kwa jina katika kipengele cha 10. CENI ilisema ni rushwa, korti ya katiba ikakubali mwezi wa tisa, na mgombea akatoka kwenye orodha. Mtu anaweza kuwa hampendi Bemba hata kidogo na bado akaona kwamba uchaguzi wa raisi uliamuliwa, kwa sehemu, na ubishi juu ya maana ya neno moja. Tena kipengele hicho hakisemi mtu anakaa nje kwa miaka mingapi. Kifungo kina mwisho wake. Lumumba alimaliza kifungo cha posta, na pesa zikarudi. Kama deni limelipwa, ni vigumu kueleza kwa nini bado linadaiwa kwenye karatasi ya kura.

Yaliyompata Lumumba baada ya uhuru yanatia uzito upande huo. Serkali yake ilipata kura ya bunge tarehe 24 mwezi wa sita. Tarehe 5 mwezi wa saba askari waliasi, tarehe 11 Katanga ya Moïse Tshombe ikajitenga, na tarehe 5 mwezi wa tisa raisi Kasavubu akatangaza kwenye redio kwamba anamwachisha kazi. Baraza la wabunge na lile la maseneta yote mawili yalisimama upande wa Lumumba. Tarehe 14 Mobutu akawasimamisha wanasiasa wote kwa nguvu za jeshi.

Kuanzia hapo hakukuwa tena na tribinali. Lumumba alikuwa mbunge mwenye kinga, waziri wa kwanza ambaye bunge halikumkataa, na hakuwa na hukumu yoyote mpya. Alizungukwa nyumbani, walinzi wa Umoja wa Mataifa ndani, askari wa Mobutu nje. Usiku wa tarehe 27 mwezi wa kumi na moja alitoroka kuelekea Stanleyville kwa watu wake. Njiani alisimama kuhutubia wakaaji kila walipomzunguka. Alikamatwa Lodi, kwenye mto Sankuru, katika jimbo alilozaliwa. Léopoldville alishushwa kutoka ndege akiwa amefungwa kamba, akapigwa mbele ya kamera, na karatasi ya maneno yake mwenyewe ikasukumwa kinywani mwake. Halafu kambi ya Thysville, Mbanza-Ngungu ya leo.

Korti ya kikoloni, pamoja na ubaya wake wote, ilimsomea shtaka mara mbili, ikamwacha ajitetee, ikataja siku ya kutoka. Mara hii ya tatu hakuna mwamuzi aliyemwona. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 yeye na wenzake wawili, Maurice Mpolo, aliyekuwa waziri wa vijana, na Joseph Okito, makamu wa raisi wa Seneti, walisafirishwa hadi Elisabethville, wakipigwa ndani ya ndege. Usiku uleule walipigwa risasi porini, mbele ya wakubwa wa Katanga na maofisa Wabelgiji. Miili ilifukuliwa na kuyeyushwa kwa asidi. Tarehe 13 mwezi wa pili serkali ya Katanga ilitangaza kwamba wafungwa walitoroka na kuuawa na wanakijiji. Lumumba alikuwa na miaka 35.

Mwaka wa 1966 Mobutu, ambaye askari wake walimfunga, alimtangaza shujaa wa taifa. Mwaka wa 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ilikubali kwamba inchi yao ilikuwa na jukumu la kimaadili katika kifo hicho. Kilichobaki cha mwili wake ni jino moja, lililokuwa limefichwa na polisi Mbelgiji. Mwezi wa sita 2022 lilirudishwa kwa familia. Sanduku lake lilipelekwa Sankuru, halafu Kisangani, mji uliomfunga mara mbili na kumpigia kura, kisha Lubumbashi, na likazikwa Kinshasa tarehe 30, siku ya uhuru.